Karatasi Iko Wapi?

*Hotuba hii niliitoa kijijini, wilayani Nachingwea, mkoa wa Lindi, wakati ufuta umeshauzwa na korosho bado hazijaanza kudondoka. Nilikuwa na daftari mkononi lakini sikulifuata sana. Hapa nimeandika kama nilivyosema, na waliponikatiza nimewaacha wanikatize.*

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni. Na nyie vijana wa bodaboda mliokaa juu ya pikipiki kule nyuma, tayari kuondoka nikianza kuwachosha, nawaona. Mambo zenu?

Mwenyekiti amenitambulisha kuwa ni mwanasheria. Namshukuru, ila nisahihishe mapema kabla kesho sijaletewa kesi ya mauaji. Mimi si wakili. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, halafu nikasomea usaidizi wa kisheria. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na humo mtu kama mimi anatambulika: anaelekeza, anakusaidia kuandika barua, anakusindikiza ofisini. Hasimami mahakamani kukutetea. Wala hakutozi hela. Hilo la mwisho mlishike, maana wapo wanaojiita wasaidizi na wanatoza.

Nimeitwa nizungumzie haki za raia ndani ya Katiba. Nitazungumzia, lakini nianze na baiskeli.

Baba yangu alikuwa na baiskeli, Phoenix nyeusi, ya chuma kizito, ile ambayo ukibebwa nyuma bila kitambaa unashuka unachechemea. Ilikuwa ndiyo gari letu: ilibeba mbaazi kwenda kuuza, ilibeba mgonjwa kwenda zahanati, ilibeba bibi kwenda msibani. Miaka ile ya tisini kulikuwa na kodi ya maendeleo, sisi tukiiita kodi ya kichwa. Mgambo walikuja alfajiri, na wanaume wasiokuwa na hela walikuwa wameshajua, wanalala shambani. Wazee mnacheka kwa sababu mlikuwa huko huko.

Siku waliyokuja kwetu baba hayupo. Mama alikuwa anatwanga. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimekaa kizingitini nakula kiporo cha mhogo. Mgambo wawili wakaingia uani, mmoja akaishika ile baiskeli iliyoegemezwa ukutani, gunia la mbaazi bado limefungwa nyuma kwa mpira. Mama akaacha mchi ndani ya kinu. Hakupiga kelele. Akamuuliza yule kijana, ambaye kwa umri angeweza kumzaa, "Mwanangu, karatasi iko wapi?"

Yule kijana akacheka. Wakaondoka na baiskeli, na gunia.

Baba akauza kuku, akaenda kulipa, akapewa stakabadhi ya kodi. Akauliza baiskeli. Akaambiwa nenda ofisi fulani. Kule akaambiwa rudi ulikotoka. Ofisi zenyewe sizitaji, na waliokuwemo wengi wameshatangulia mbele za haki. Baiskeli hatukuiona tena.

Sasa niwe mkweli: kodi ile ilikuwa halali. Ilikuwa na sheria yake, na ilikuja kufutwa mwaka 2003. Baba alikuwa anadaiwa kweli. Lakini mama, asiyejua kusoma wala kuandika, aliuliza swali ambalo miaka mingi baadaye nililikuta ndani ya Katiba, Ibara ya 24. Inasema kila mtu anayo haki ya kumiliki mali, na haki ya hifadhi ya mali yake aliyonayo kwa mujibu wa sheria. Inaendelea kwamba ni marufuku mtu kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya kutoa fidia inayostahili. Na ukienda mbele, Ibara ya 138 inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo anayekuja uani kwako kuchukua kuku kwa ajili ya mchango, ana haki ya kuulizwa: sheria ipi, amri ya nani, stakabadhi iko wapi? Mchango ambao nyie wenyewe hamkuupitisha mkutanoni hauna miguu ya kuingilia uani kwa mtu.

(Hapa mzee mmoja akasema, "Mama yako alikuwa hakimu huyo." Watu wakacheka.)

Wengi tunadhani haki hizi zilikuja na uhuru, bendera ikapanda na haki zikapanda. Hapana. Katiba ya uhuru ya mwaka 1961 haikuwa na orodha ya haki. Ya Jamhuri ya 1962 haikuwa nayo. Ya muda ya 1965 hali kadhalika, na hata hii ya 1977 tunayoitumia, ilipoandikwa, haki zilikuwa kwenye utangulizi tu, mahali ambapo huwezi kwenda nazo mahakamani. Viongozi wa wakati ule walikuwa na hoja yao: nchi changa, majaji bado ni wale wale wa mkoloni, watu wangezuia maendeleo kwa kesi. Hoja ilikuwa na uzito wake. Lakini tusiokuwa na mahali pa kwenda tulikuwa sisi.

Haki ziliingia ndani ya Katiba kwa Marekebisho ya Tano, mwaka 1984. Zikaanza kutumika 1985, na hapo hapo Serikali ikajipa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake, kwa hiyo mpaka Machi 1988 hukuweza kumshtaki mtu kwa kuzivunja. Wazee mlio hapa mbele, mwaka 1988 mlikuwa tayari na watoto. Mmeishi zaidi ya nusu ya ujana wenu bila haki ambayo mngeweza kuidai kwa jaji.

Na kusini tulijua maana yake. Wakati wa Operesheni ya vijiji miaka ya sabini watu walihamishwa. Mahame yetu mnayafahamu, miembe ipo mpaka leo na kila mmoja anajua ni ya ukoo gani. Sisemi vijiji havikuleta kitu. Shule niliyosoma mimi, na zahanati alikozaliwa mdogo wangu, zililetwa na vijiji. Nasema hatukuulizwa. Kama vile hatukuulizwa Waingereza walipokuja hapa Nachingwea na mradi wao wa karanga, wakafyeka msitu, wakajenga reli kutoka bandari ya Mtwara, karanga zikawashinda, na mwanzoni mwa miaka ya sitini reli yenyewe ikang'olewa. Mtu anakuja kwako anapanda, anang'oa, wewe umesimama pembeni umeshika jembe. Tena Nachingwea hii hii ndiko wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji walikofundishwa ili wakaikomboe nchi yao. Tumewafundisha majirani kudai uhuru, tusione aibu kujifunza na sisi.

Sasa nije kwa vijana, maana nimeona mmoja ameshawasha pikipiki. Zima kwanza, hili ni lako.

Ibara ya 15 inasema kila mtu anayo haki ya kuwa huru na kuishi kama mtu huru. Huwezi kukamatwa na kufungiwa ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Ibara ya 13 inasema ni marufuku mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika kuwa ana hatia. Na ni marufuku kuteswa au kupewa adhabu za kumdhalilisha. Kwa hiyo mtu hata akikutwa na kuku wa wizi mkononi, kumfunga kamba na kumzungusha kijijini huku anaimbiwa si adhabu, ni kosa. Najua mmeshafanya. Najua hata mwaka huu mmefanya.

Ukikamatwa, una haki ya kuambiwa umekamatwa kwa kosa gani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka polisi wakufikishe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne, kosa lisilokuwa la kunyongwa, au wakutoe kwa dhamana. Na dhamana ya polisi ni bure. Narudia, bure. Unachohitaji ni mdhamini anayeaminika, kitambulisho, na mara nyingi barua ya mtendaji wa kijiji. Mtu akikwambia dhamana ni elfu hamsini, mwambie kwa adabu, "Afande, naomba stakabadhi." Kwa adabu, nimesema. Usimwambie umekijua Kiswahili cha Katiba jana ukaanza kumnyooshea kidole. Mara nyingi ukiitaja stakabadhi, ile elfu hamsini inajifuta yenyewe.

Yapo makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, na mengine machache. Hapo hata mdhamini wako awe nani, utakaa mahabusu. Lakini hata hilo lilishawahi kupingwa. Kule Musoma kulikuwa na mtu anaitwa Daudi Pete, alishtakiwa kwa unyang'anyi, sheria ikasema hana dhamana kabisa. Shauri likapanda mpaka Mahakama ya Rufani, na mwaka 1991 Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakasema kifungu kile kinapingana na Katiba. Kikaanguka. Sheria ilikuja kuandikwa upya, ndiyo maana unyang'anyi wa silaha bado uko kwenye orodha niliyoitaja. Lakini fikirini, mshtakiwa mmoja wa mikoani, si tajiri, si kiongozi, jina lake sasa linasomwa na kila anayesomea sheria nchi hii.

Kuna jambo la saa arobaini na nane. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, kwa sheria ya mwaka 1997 ya tawala za mikoa, wanaweza kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa arobaini na nane. Wengi hawajui kwamba sheria hiyo hiyo inawafunga mikono: iwe kweli kuna hatari ya amani kuvunjika na hakuna njia nyingine, aandike sababu, na mtu huyo apelekwe mahakamani. Kuwekwa ndani kwa sababu umeuliza swali mkutanoni haimo humo. Hapo tena: karatasi ya sababu iko wapi?

(Kijana wa bodaboda akauliza: "Na mgambo akichomoa ufunguo wa pikipiki?" Nikamjibu kwamba kitu kinachokamatwa kama kielelezo kinaandikiwa hati, na mwenye mali anapewa nakala yenye sahihi. Ufunguo unaoingia mfukoni bila kuandikwa si kielelezo. Akasema, "Basi wanavyo vingi mfukoni.")

Mama zangu, sasa kwenu, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1988 kule Kagera mwanamke mmoja, Holaria binti Pastory, aliuza shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake. Shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo wakaja juu: mila yao inasema mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo lakini hawezi kuliuza, kuuza ni kwa mwanaume. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na mila hiyo haiwezi kuishinda Katiba. Haki ya mwanamke na ya mwanaume juu ya shamba ni moja. Haki zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kutumika mahakamani, na kati ya waliozichukua mwanzoni kabisa akawa mama mwenye shamba.

Nawaona mama wa Kimwera mnatazamana. Mnasema, "Hayo ya Wahaya. Sisi ardhi inatoka upande wa mama." Kweli. Sisi Wamwera, Wamakua, Wamakonde, Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Bibi zetu walikuwa na mashamba wakati wanawake wa kwingine hawajui kama mwanamke anaweza kuwa na shamba. Lakini mkorosho umetuchanganya. Shamba la mihogo ulikuwa ukiliacha baada ya miaka michache, mkorosho unakaa miaka hamsini. Mume amepanda mikorosho, mke amepalilia, amebeba maji ya kupulizia, ameokota korosho kiuno kinauma, watoto wamesaidia. Mume akifa, arobaini haijaisha, wapwa zake wanatokea na kamba ya kupimia: "Hii mikorosho ya mjomba wetu." Na mjane anaambiwa arudi kwa mama yake.

Kesi za namna hiyo ndizo zinazonijia kuliko zote. Si polisi, si siasa. Mikorosho.

Basi mnielewe. Mila haijafutwa, na mimi mwenyewe mjomba wangu akisema kaa nakaa. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imesema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke au mtoto haki ya kumiliki, kutumia au kupata ardhi, kwa kiasi hicho haina nguvu. Na kabla hata haki hazijaingia kwenye Katiba, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed iliamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, hata kama hakutoa senti. Lile lilikuwa shauri la talaka, na talaka huku kwetu, tusidanganyane, tunazijua. Mwanamke haondoki na kapu la vyombo peke yake.

Ninachowaomba: wakati mume yupo hai, mnapopanda mikorosho, nendeni wote wawili serikali ya kijiji muandikishe. Majina mawili kwenye hati ya hakimiliki ya kimila. Mume akiuliza kwa nini, mwambie Katiba imekuja kijijini. Akikasirika, mwambie imeletwa na mimi.

Na mabinti. Unyago sina ugomvi nao. Mimi mwenyewe nilichezwa, na mambo niliyofundishwa mengine yamenisaidia kuliko niliyosoma chuoni. Ugomvi wangu ni baada ya ngoma, pale binti wa miaka kumi na nne anapoambiwa sasa wewe ni mtu mzima na kuna mtu ametuma posa. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa inaruhusu binti wa miaka kumi na tano kuolewa kwa idhini ya mzazi, wakati mvulana anasubiri kumi na nane, na mahakama iliweza kuruhusu hata aliye na kumi na nne. Dada mmoja, Rebeca Gyumi, akafungua shauri. Mahakama Kuu mwaka 2016 ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema vile vile. Na akiwa ni mwanafunzi, anayemwoa au kumpa mimba anakabiliwa na miaka thelathini jela. Wazazi wanaopokea mahari nao hawaponi. Sitalirudia hili, watoto wapo wanasikiliza na wamelielewa kuliko sisi.

Nimeacha jambo gumu kwa makusudi, sasa nalisema, na mkitaka kuondoka ondokeni.

Wafugaji.

(Minong'ono. Mtu mmoja nyuma: "Hao wasije hapa na Katiba yao.")

Katiba si yao, ni yetu sote, na hapo ndipo penye kazi. Ibara ya 17 inasema kila raia anayo haki ya kwenda kokote katika Jamhuri ya Muungano na kuishi katika sehemu yoyote. Haikusema kila raia isipokuwa mwenye ng'ombe. Mnasema hawa ni watu wa kuja. Haya. Nikumbusheni, jina la machinga limetoka wapi? Limetoka kwetu, Lindi hii. Vijana wetu walipanda malori, wakaenda Dar es Salaam na mikono mitupu, wakauza mashati mkononi barabarani, mpaka jina la Wamachinga likawa jina la kazi nchi nzima. Wanakimbizwa na mgambo, wanatukanwa, wanaambiwa rudini kwenu kusini. Nani hapa hana mtoto au mdogo wake Kariakoo? Ulipokuwa unasikia wamefukuzwa, ulisema nini? Ulisema, "Wana haki, nchi ni yao."

Basi neno hilo hilo, mlitamke mkiwa mmewaangalia hawa.

Sasa nusu ya pili, na hapa mpige makofi. Haki ya kuishi popote si haki ya kulisha ng'ombe kwenye mbaazi za mtu. Ardhi ya kijiji inatolewa na halmashauri ya kijiji kwa idhini ya mkutano mkuu. Aliyeingia na ng'ombe bila kupewa eneo hajaingia kwa Ibara ya 17, ameingia kwa mlango wa nyuma. Na kama kuna kiongozi aliyemkaribisha usiku kwa ng'ombe wawili, huyo ndiye wa kuulizwa karatasi. Ng'ombe wakila shamba, mwite mtendaji na bwana shamba apime hasara, andika, shitaki. Ukimkata ng'ombe panga, kesho unayetafutwa ni wewe, na shamba lako limeliwa bado.

Hili linanisumbua hata mimi. Shamba la kaka yangu limeliwa mara mbili. Nilipokwenda nikaona mahindi yamelala, nilisema maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wazee. Kwa hiyo siwahubirii kutoka mbali.

Kuhusu kusema. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, na haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Mwaka 2013 wenzetu wa Mtwara walisema kuhusu gesi na bomba la kwenda Dar es Salaam. Wapo waliofariki, wapo waliochomewa nyumba, na mpaka leo ukiingia Mtwara ukitaja mwaka huo mazungumzo yanapoa. Mimi nadhani kulikuwa na makosa pande zaidi ya moja, lakini kosa la kwanza lilikuwa la taarifa. Watu waliambiwa habari zikiwa zimeshapikwa. Anayepewa taarifa mapema anauliza. Anayepewa kwa kuchelewa anarusha jiwe. Na Katiba yenyewe, Ibara ya 30, inasema haki hizi haziendi mpaka kuvunja haki za wengine. Kuchoma nyumba ya mtu hakumo kwenye Ibara ya 18.

Kwenye korosho ni hivyo hivyo. Chama chenu cha msingi cha ushirika, mnakouzia korosho, kikikata fedha kwenye malipo, kila makato yana jina. Lisomwe. Stakabadhi ya ghalani ukiipokea isome uzito na daraja hapo hapo dirishani, usisome nyumbani. Kama huoni vizuri, mtoto wa darasa la nne anaweza kukusomea.

(Mkulima mmoja akauliza: "Ibara ya 20 si inasema marufuku kumlazimisha mtu kujiunga na chama? Mbona tunauzia chamani?" Swali zuri, na nilifurahi mtu amesoma. Nilimjibu kwamba kupitisha mzigo kwenye ghala si kujiunga uanachama, ila anayeona mpaka umevukwa anaweza kwenda Mahakama Kuu, na kwetu masjala yake iko Mtwara. Mashauri ya haki za Katiba husikilizwa na majaji watatu. Marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua aape jinsi jambo lilivyomgusa yeye mwenyewe. Sikuyapenda marekebisho hayo: mama aliyenyang'anywa baiskeli hajui njia ya Mtwara, na zamani mwingine angeweza kwenda kwa niaba yake kwa urahisi zaidi.)

Lakini msidhani Katiba iko Mtwara tu. Mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya mwisho hapa, na mjumbe wake ni kila mkazi mwenye miaka kumi na nane. Unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Humo ndimo mnamosomewa mapato na matumizi, humo ndimo ardhi inamopitishwa, humo ndimo mchango unamozaliwa au kufa. Msipokwenda, wanaokwenda watapitisha. Halafu mgambo akija uani kwako, karatasi atakuwa nayo, na itakuwa na sahihi halali.

Nimekuja na nakala nne za Katiba. Moja ya mwalimu mkuu, moja ya ofisi ya kijiji, moja ya msikitini na moja ya kanisani. Ziazimwe, zichakae. Nikirudi nikazikuta mpya nitasikitika. Nawashukuru kwa kunisikiliza.

*Mwenyekiti alisimama kunishukuru. Alipokuwa bado anashukuru, bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka mbele, ambaye muda wote hakusema neno, akainua mkono. "Mwenyekiti, mwanangu. Mapato na matumizi tutasomewa lini?" Mwenyekiti akatazama watu, akataja tarehe. Bibi akamgeukia mtendaji. "Iandike," akasema. Mtendaji akatafuta kalamu.*